Mustang Jekundu la Kwaresima

Maneno yalizukia kwenye mashine ya kusaga ya Bombambili, Jumatatu asubuhi, na mpaka Jumatano yalikuwa yamemganda Honorata kama unga kwenye nyusi. Kwamba Aidan wake ameoa. Kwamba Jumamosi ameonekana akiendesha gari jekundu la Kimarekani lisilo na paa, suti nyeusi, bibi harusi kakaa nyuma, wakishika njia ya Namtumbo. Kwamba amepata wakwe wenye nazo, na hataki mama mshona viti aonekane kwenye picha.

"Hongera, mama mkwe!" Notburga, jirani yake, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Umetuficha!"

"Ameoa nani?"

"Mimi nijulie wapi? Mama si wewe?"

"Na bwana harusi gani anajiendesha mwenyewe, Notburga?"

"Vijana wa sasa, dada. Siku moja hata jeneza watajibebea."

Honorata hakucheka. Aidan, miaka ishirini na moja, mtoto wake wa pekee, alitoka nyumbani Ijumaa akisema amepata kazi ya siku moja. "Nitakushangaza, mama." Tangu hapo simu yake haikupatikana. Jumapili baada ya misa Honorata alikwenda polisi, na Koplo Edna wa upelelezi akaandika jina, akaandika rangi ya shati, akafunga daftari. "Ni mtu mzima, mama. Atarudi."

Basi akaushika huo uvumi kwa mikono miwili, maana aliyeoa yuko hai. Lakini usiku haukumpa usingizi nao. Jumatano hiyo hakufungua kibanda chake cha Majengo, pale alipoketi miaka kumi na saba akishona viti vya magari. Alitia kwenye mkoba kaunta buku la Aidan, akachukua bodaboda, akaenda kuutafuta uvumi ulikotoka.

Ulitoka kwa Sefu, fundi baiskeli mwenye meza yake kando ya barabara ya Namtumbo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemwona Aidan?"

"Nimemwona, na picha nimepiga." Sefu alifuta grisi mkononi, akatoa simu. "Gari lile hulioni mara mbili Songea. Samahani, sikukaribishi chai, nimefunga."

"Na mimi nimefunga. Kwaresima."

"Basi mwaka huu mifungo yetu imekutana, mji mzima una njaa," Sefu alisema akicheka. "Hata mama ntilie wanalia."

Picha ilikuwa imepigwa gari likiwa limeshampita. Honorata aliivuta kwa vidole viwili ikakua. Nyuma ya gari kulikuwa na taa tatu tatu zilizosimama wima, kushoto na kulia. Namba imefunikwa na shada la maua. Tepe nyeupe zinapepea. Mbele, kulia, kisogo cha Aidan, kile chenye kovu la tetekuwanga. Kushoto kwake, mwanaume mwenye kofia. Nyuma, bibi harusi peke yake, shela limemfunika.

"Magari mangapi yalifuata?"

"Moja. Pikapu nyeupe."

"Matarumbeta?"

Sefu alisita. "Hayakuwepo."

"Vigelegele?"

"Kimya, mama. Honi tu. Nikasema labda ni watu wa heshima."

"Sefu, nyie mnafunga ndoa mwezi huu?"

"Katika mfungo? Nani atakula pilau mchana? Wote wanangoja Idi ipite. Nyie je?"

"Padri wetu hafungishi harusi Kwaresima. Ukimfuata atakuuliza mmeshikwa na nini mpaka msingoje Pasaka."

Wakatazamana. Barabarani pikipiki ilipita na magunia ya mkaa.

"Wakristo hawaoi, Waislamu hawaoi," Sefu alisema polepole. "Sasa wale walikuwa akina nani?"

"Watu wasioujua mji huu," Honorata alijibu. "Wamejua tu kwamba gari la harusi halisimamishwi na mtu."

Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akafungua kaunta buku. Tangu darasa la tano Aidan alikuwa akichora humo gari moja tu, Mustang, vizazi vyake vyote saba, kila kizazi na ukurasa wake na maelezo kwa peni nyekundu. Honorata alikuwa ameishia darasa la saba, lakini mwandiko wa mwanawe aliusoma kama anavyosoma kipimo cha kiti.

Kizazi cha kwanza, mwaka sitini na nne: pua ndefu, mkia mfupi, farasi katikati ya wavu wa mbele. Cha pili, sabini na nne, wakati mafuta yalipopanda dunia nzima: gari limekuwa dogo, na Aidan aliandika pembeni, *limesinyaa kama sweta lililofuliwa kwa maji moto.* Cha tatu, sabini na tisa: pembe nne, kama tranka la bweni. Cha nne, tisini na nne: limeanza tena kuwa na mbavu. Cha tano, elfu mbili na tano: *mjukuu kamrudia babu,* sura ya kizazi cha kwanza imerudi, mwili mkubwa zaidi. Cha sita, elfu mbili na kumi na tano. Cha saba, la juzijuzi, dashibodi yote kioo kama televisheni.

Alirudi kwenye kizazi cha sita. Chini ya mchoro Aidan aliandika na kupiga mistari miwili: *Hiki ndicho cha kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Kabla yake kiwandani ni kushoto tu. Hapo ndipo sisi tulipokumbukwa.*

"Sefu, mbele lilikuwaje? Pua?"

"Ndefu. La zamani hasa, lile la kwenye kalenda. Taa mbili za duara, farasi katikati."

"Kama hili?" Alimwonyesha ukurasa wa kwanza.

"Hilohilo."

Honorata aliweka simu juu ya daftari. Mbele ya babu. Taa za nyuma, ukizipima na michoro, ni za mjukuu wa tano. Usukani uko kulia, nao wa kulia ulianza na wa sita. Gari moja haliwezi kuzaliwa mara tatu.

"Hili limetengenezwa," alisema. "Tena limetengenezwa hapahapa."

Kisha aliivuta picha mara nyingine. Kiti cha nyuma kilikuwa cha leza nyeupe. Juu yake ulipita mshono wa uzi mwekundu, umbo la almasi, kila pembe imefungwa mara mbili. Songea nzima mshono ule ulikuwa na mwenyewe mmoja, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Sefu.

Januari alikuja mteja, Mathias, mgeni, mwanaume wa manukato na maneno laini. Alisema anafungua biashara ya magari ya maharusi. Alitaka kiti cha nyuma chenye zipu chini, ndani kisitiwe sponji. "Ya kuhifadhia shela na maua, mama." Honorata alishona. Kazi ilipokwisha alimwita Aidan: mpelekee yule baba kiti chake.

Alimtazama tena bibi harusi kwenye picha. Alikuwa amezama kitini mpaka mabegani, kama mtu aliyekaa ndani ya beseni.

"Jumamosi kilikuwa kitupu," alisema.

"Nini, mama?"

"Kiti. Walikuwa wanakwenda kukijaza."

*

Gereji ya Pankrasi ilikuwa nyuma ya maduka ya Bombambili, ua wenye milango ya magari iliyoegemezwa ukutani kama watu wanaongoja zamu. Pankrasi, fundi bodi, kiongozi wa kwaya ya jumuiya, alikuwa amechuchumaa anapaka puti kwenye bonde la pikapu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Dada Honorata! Leo umeleta kiti au lawama?"

"Nimeleta daftari. Lile gari jekundu umelitengeneza wewe?"

"Jekundu lipi?" Hakuinua macho. "Aaa, Mustang! Lile ni la kweli, dada. Mwaka sitini na saba. Liliingilia Msumbiji na meli. Mimi niligusa rangi tu."

"Sitini na saba."

"Kabisa. Mali ya wazee."

"Na usukani wake?"

"Usukani umefanyaje?"

"Upo kulia, Pankrasi. Picha ninayo." Akamfungulia ukurasa wa sita, akaweka kidole chini ya ile mistari miwili. "Aidan anasema kiwandani kulia kulianza juzi, elfu mbili na kumi na tano. Hilo lako la sitini na saba lilihama lini?"

"Magari huhamishwa usukani. Kazi ya kawaida."

"Na taa za nyuma nazo zilihama? Zimetoka kwa mjukuu zikaenda kwa babu?"

Pankrasi alisimama, akafuta puti kwenye suruali. Alitazama mlango wa ua.

"Dada, shona viti vyako."

"Nilishona. Ndiyo maana nimekuja." Sauti yake ilipanda, mafundi wawili waliokuwa wanakunja bati wakageuka. "Kile kiti kisicho na sponji nilikishona mimi, akakipeleka mwanangu, kikafungwa na wewe. Tuko watatu. Mmoja simwoni siku ya tano. Unataka nipige kelele hapa, au unataka kuongea?"

Pankrasi alimvuta kando, nyuma ya tangi la maji.

"Chini ni Kijapani," alisema kwa sauti ya chini. "Gari dogo la kawaida, lile la teksi. Alileta picha, akataka pua ya babu. Taa za nyuma alikuja nazo mwenyewe, sijui alizipata wapi. Bati nimekunja mimi. Nilijivuna, sikufichi. Mtu akilitazama kwa mbali anapiga saluti."

"Na paa?"

"Nimelikata."

"Ukaweka nini badala yake?"

Pankrasi alikuna shingo. "Mabomba mawili chini ya sakafu."

"Mawili."

"Gari la namna ile, paa ndilo linaloushika mwili, dada. Ukilikata, mwili unataka kukunjika katikati kama daftari. Nilimwambia Mathias. Nilimwambia: watu watatu, mwendo wa maandamano, mjini tu, lisipande mlima, lisibebe mzigo. Akasema, 'Fundi, mimi nabeba maharusi.'"

"Aidan aliona kwamba ni bandia?"

"Siku ile ile alipoleta kiti. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, 'Mzee Panki, pua ya babu, makalio ya mjukuu!' Halafu Mathias akamwambia akae kwenye usukani. Akaacha kucheka. Unajua mtoto akipewa kushika monstransi altareni?"

"Usimtaje Mungu. Kitini kunaingia nini?"

"Sikuuliza."

"Pankrasi."

"Sikuuliza, nina watoto wanne!"

"Na mimi ninaye mmoja. Kinaingia nini?"

Fundi alinyoosha mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia akajipima, kutoka bega mpaka ncha za vidole. "Niliona kimoja tu, kimefungwa kwenye shuka. Kizito. Cheupe penye kukatwa."

"Meno ya tembo."

"Sikusema mimi. Umesema wewe."

Honorata aliegemea tangi. Maji yalikuwa yanatiririka kidogo kwenye bomba bovu, akayatazama.

"Aidan anajua?"

"Jumamosi hakujua. Alipofika kule lazima amejua, na aliyekwisha kujua hawezi kushuka. Mathias anawanyang'anya simu."

"Wako wapi sasa hivi?"

"Dada, ukisema nimesema mimi..."

"Wako wapi!"

"Njiani." Alitoa simu yake, akaiangalia kana kwamba itamng'ata. "Kanipigia saa mbili. Anauliza nifanyeje, milango ya gari haifungi, imeanza kupishana na bodi. Nikamwambia pakua mzigo, gari linakatika. Akakata simu."

"Wanapita hapa ukalifunge?"

"Hataki kusimama mjini. Saa saba atakuwa ameshapita, anakwenda moja kwa moja Njombe."

Honorata alitazama saa ya ukutani ndani ya gereji. Saa nne na dakika ishirini.

"Njombe ni Lukumburu," alisema.

Kona za milima ya Lukumburu alizijua kila fundi bodi wa Songea, maana ndizo zilizomletea nusu ya kazi yake.

*

Koplo Edna alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Alikuwa mdogo kwa Honorata kwa miaka kumi na mitano, na kalamu alikuwa bado hajaigusa.

"Mama, kabla sijaandika neno, nikueleze. Kwenye gari hilo dereva ni nani?"

"Aidan."

"Nikilikamata na mzigo, wa kwanza kupigwa pingu ni nani?"

"Aidan."

"Kesi hii siyo ya kuku. Dhamana usiitegemee. Akitiwa hatiani ni miaka ishirini na kwenda juu. Atasema hakujua, na kila dereva anasema hakujua. Na wewe umeshona kiti. Naandika hilo pia."

"Andika."

"Unaweza kurudi nyumbani. Hujasaini kitu."

"Afande, akifungwa ishirini atatoka na arobaini na moja. Nitakuwa kikongwe, lakini nitampikia." Aliweka viganja vyote viwili mezani. "Lile gari likipanda Lukumburu na mzigo ule, sina wa kumpikia. Andika."

Edna aliandika. Alipiga simu mbili, akaongea kwa kifupi. Kisha akasema, "Tutaweka kizuizi na gari la kufuata nyuma."

"Hapana!"

"Mama, kazi hii ni yangu."

"Mkimfukuza mtamuua. Mathias akiona bunduki atamwambia kanyaga, na lile gari likikanyagwa linakatika. Msimfuate. Msionekane."

"Sasa litasimamaje? Kwa sala?"

Honorata alifikiri. Nje dirishani mwanamke alikuwa anaanika kanga kwenye ua wa polisi, mbili, tatu.

"Gari la harusi linasimamishwa na nini, afande?"

Edna alifuata macho yake. Ilimchukua muda mfupi.

"Kanga," alisema.

"Wanawake wakitandika kanga barabarani bibi harusi apite juu yake, msafara unasimama. Usiposimama umetukana ukoo mzima, watu watakuzungumza mpaka Pasaka. Mathias anajifanya harusi. Basi na aozwe."

"Raia hasimami kwenye operesheni."

"Askari wako wa kike hata mmoja Aidan hamjui. Ataona wanawake, ataweza kuwapita pembeni. Mimi hawezi."

Edna alimtazama, akafungua kabati, akatoa kitenge.

*

Saa saba kasorobo walikuwa wanawake watano nje ya mji, njia ya Njombe, mahali barabara inapopanda taratibu na gari lolote hupunguza. Wanne walikuwa polisi waliovaa vitenge. Nyuma ya shamba la mahindi, landrova imezimwa. Jua lilikuwa kali, na lami inanuka.

"Mmoja wenu anajua kigelegele?" Edna aliuliza.

"Mimi nilijifunza depo kupiga filimbi tu, afande," askari mmoja alijibu, wenzake wakacheka kwa woga.

Lilikuja peke yake, bila ile pikapu, polepole kuliko Honorata alivyotegemea. Jekundu, pua ndefu, farasi katikati, tepe zimeshika vumbi. Alipolitazama kwa macho ya fundi aliona kilichokuwa kibaya: katikati lilikuwa limebonyea, na mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba. Bibi harusi sasa alikaa juu, mrefu, kana kwamba amewekwa kwenye kiti cha enzi.

"Sasa," Edna alisema.

Wakatandika. Kanga tano, ncha kwa ncha, lami nzima ikafunikwa. Vigelegele vikapanda, vibovu, lakini vikapanda. Mathias aliinuka nusu kitini, akaonyesha mbele kwa mkono. Pita! Honorata aliuona mdomo wake. Pita!

Gari liliongeza mwendo.

Honorata hakupiga kigelegele. Alitembea mpaka katikati ya kanga, akasimama, mikono imelegea. Alisikia Edna akimwita kwa jina. Akayatafuta macho ya mwanawe nyuma ya kioo, na alipoyapata hakuyaachia.

Breki zililia. Chuma kikalia zaidi, sauti ndefu kama mti unaokatwa, na gari likasimama hatua tatu mbele yake, pua imeinama, mlango wa kulia umefunguka wenyewe. Askari walikuwa wameshamfikia Mathias. Bibi harusi alikuwa anapiga kelele, shela limemzonga. Aidan alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umejaa vumbi na machozi.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba."

Alizunguka mpaka upande wa kulia. Aliingiza mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo, akampa Koplo Edna. Kisha akasogea kando ili mwanawe aweze kushuka na kufungwa pingu.

Kituoni walimpa karatasi za maelezo. Aliandika mpaka saa kumi na moja, pole pole, kwa mwandiko wa darasa la saba. Maelezo yalipokwisha ukurasa wa mwisho ulikuwa na nafasi, naye hakutaka ukae mtupu. Edna alimwambia hayo hayahitajiki kisheria. Aliyaandika hivyo hivyo, kwa mama atakayesoma.

Mambo ya kuepuka:

Usiamini harusi isiyo na wazazi, matarumbeta wala padri au shehe.

Usipokee kazi ambayo mwajiri anakunyang'anya simu.

Usiendeshe gari usilojua limetoka wapi, hata kama umelipenda tangu utoto. Hasa hilo.

Usikate paa la gari ukalipeleka barabarani.

Usimtume mtoto kwa mteja usiyemjua nyumbani kwake.

Usishone, usichomelee wala usipake rangi kitu ambacho mwenyewe hataki uulize ni cha nini.

Usikae siku tatu na uvumi kwa sababu unakufariji.

Usimwombee mwanao asikamatwe. Omba akamatwe mapema.